Nani Hasa Anaua Mjini?

Boston, mji wa jimbo la Massachusetts nchini Marekani, ulikuwa na wakazi wapatao 574,000 mwaka 1990, na mwaka huo watu 152 waliuawa humo. Mwaka 1999 waliouawa walikuwa 31. Mwaka 2010 hesabu ikapanda tena hadi 73, na mwaka 2024 ikashuka mpaka 24, idadi ambayo mji huo haukuwa umeiona tangu miaka ya 1950. Ukizisoma haraka haraka, utadhani ni mji ulioumwa, ukapona, ukarudiwa na maradhi, kisha ukapona tena. Wanasiasa ndivyo wanavyozisoma: zikipanda, vijana wameharibika na askari waongezwe, zikishuka, mheshimiwa amefanya kazi. Lakini katika mji wa ukubwa huo, uhasama wa magenge machache unatosha kuivimbisha hesabu ya mwaka mzima, na uhasama ukipoa hesabu inashuka bila wakazi wengine nusu milioni kubadili lolote katika namna wanavyolea watoto wao. Ukatili wa mjini ni kazi ya watu wachache kupita tunavyodhani, na dola isipojishughulisha kuwajua wachache hao, fimbo yake inawaangukia wengi.

Ushahidi mzuri wa jambo hili ulipatikana Boston kwenyewe. Katikati ya miaka ya 1990 watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard, akiwamo David Kennedy, walikaa na makachero wa kikosi cha magenge, maofisa wanaosimamia vifungo vya nje na watu wanaofanya kazi na vijana mitaani. Walipitia vifo vya vijana kimoja baada ya kingine, wakiuliza maswali ambayo mzee yeyote wa mtaa angeuliza: huyu alikuwa wa kundi gani, na alikuwa na kisa na nani? Walihesabu magenge 61 yenye vijana wapatao 1,300. Hao hawakufika asilimia 1 ya vijana wa mji, lakini walihusishwa na angalau asilimia 60 ya mauaji ya vijana. Kingine kilichojitokeza hakipendezi kukisema mbele ya wafiwa: takribani robo tatu ya waliouawa, sawasawa na waliowaua, walikuwa wameshafikishwa mahakamani siku za nyuma. Muuaji na marehemu walitoka katika duara moja. Mara nyingi kilichowatenganisha ni nani aliwahi kuvuta kifyatulio. Tafiti za baadaye zikaonyesha kwamba hata silaha zina anwani zake. Kwa miaka karibu 30, sehemu kubwa ya ufyatuaji wa risasi ilirudia kona na vipande vya barabara visivyofika asilimia 5 ya vyote vilivyomo mjini.

Gharama ya kutojua hayo Boston iliilipa mapema. Oktoba 1989 mtu aitwaye Charles Stuart aliwaambia polisi kwamba mwanamume mweusi amempiga risasi mkewe mjamzito. Msako ukaangukia mtaa wa Mission Hill. Vijana weusi wakasimamishwa na kupekuliwa njiani. Januari iliyofuata ikabainika kuwa Stuart mwenyewe ndiye aliyepanga mauaji hayo, naye akajirusha kutoka darajani. Mwaka 2023, miaka 34 baadaye, Meya Michelle Wu aliwaomba radhi wanaume wawili waliosingiziwa. Msako wa namna hiyo hauambulii patupu tu. Unafunga midomo ya majirani, na bila majirani kachero hana kesi.

Operesheni Ceasefire ya mwaka 1996 ilishika njia nyingine. Vijana wa magenge waliokuwa chini ya uangalizi wa mahakama waliitwa kikaoni, wakawekwa mbele ya polisi, waendesha mashtaka, wachungaji na wafanyakazi wa jamii. Waliambiwa kwamba damu ikimwagika, genge zima litabanwa. Na anayetaka kutoka, msaada huu hapa. Kulikuwa na bango lenye picha ya mwanagenge aliyehukumiwa kifungo cha karibu miaka 20. Kosa lake, kwa rekodi aliyokuwa nayo, lilikuwa kukutwa na risasi. Moja. Kwa hiyo wanaosema mpango huu ulikuwa wa kuwabembeleza wahalifu hawakulitazama bango lile.

Pingamizi zito zaidi ni la takwimu. Watathmini waliandika kuwa mauaji ya vijana kwa mwezi yalipungua kwa asilimia 63, lakini miaka hiyo hiyo uhalifu ulishuka karibu Marekani nzima, New York ikiwamo, na wachambuzi wengine hawakuridhika kwamba sifa ni za Boston. Nakubali, asilimia 63 si namba ya kulia kiapo. Hata hivyo ukiifuta kabisa, bado unabaki na wale 1,300, na hakuna aliyeonyesha kwamba wauaji walitapakaa mjini kote. Tena mpango huo ulipolegea kuanzia mwaka 2000 mauaji yaliongezeka. Hilo pekee halithibitishi sababu, ila linamnyima raha anayesema yote yalikuwa bahati ya majira.

Msomaji wa Mombasa, ambako habari ni za vijana wa panga, atauliza bunduki za Boston zinamhusu nini. Ajibiwe na Glasgow, mji wa Scotland ambako silaha ya vijana ilikuwa kisu. Mwaka 2005 polisi wa huko, wakiongozwa na Karyn McCluskey na John Carnochan, waliunda kitengo maalumu cha kupunguza ukatili, kisha wakaazima mbinu ya Boston. Scotland ilikuwa ikipoteza zaidi ya watu 130 kwa mauaji katika mwaka wake mbaya wa 2004–05; leo ni chini ya nusu. Oktoba 2008 vijana wa magenge hasimu waliketishwa katika ukumbi mmoja wa mahakama ya Glasgow, bila kushtakiwa kwa lolote, wakasikiliza polisi, madaktari na mama wa waliojeruhiwa. Walipotoka nje walikuwa wamepewa namba ya simu ya kupiga.