Maelezo ya Matumizi ni Sehemu ya Chombo

Dawa hutolewa pamoja na karatasi inayoeleza kipimo chake, na hadubini hutoka kiwandani pamoja na kijitabu cha matumizi. Programu za kompyuta nazo zinahitaji maelezo ya namna hiyo, kwa sababu mtumiaji asiyeelezwa anaweza kupata jibu lisilofaa na asilitambue.

Katika elimu ya kompyuta, maktaba ni mkusanyiko wa amri zilizokwisha kutungwa, ambazo mtunga programu huzitumia badala ya kuanza upya kila mara. Maktaba huwa huria iwapo kila mtu anaruhusiwa kuisoma, kuitumia, kuirekebisha na kuigawa. Mfano mmoja ni NumPy, maktaba ya hesabu ya lugha ya Python, ambayo toleo lake la 1.0 lilitoka mwaka 2006. Hata picha ya kwanza ya shimo jeusi, iliyotangazwa mwaka 2019, ilitayarishwa kwa msaada wake.

Hatari ya kukosa maelezo

Tuchukue alama za wanafunzi wanane: 2, 4, 4, 4, 5, 5, 7 na 9. Wastani wake ni 5. Tofauti ya kila alama na wastani ikizidishwa kwa yenyewe, jumla ya majibu hayo ni 32. Ili kupata mkengeuko sanifu, yaani kipimo cha mtawanyiko wa alama, jumla hiyo hugawanywa, kisha hutafutwa kipeuo cha pili cha jibu. Je, igawanywe kwa 8 au kwa 7? Ikiwa wanane hao ndio darasa zima, hugawanywa kwa 8, na jibu ni 2. Ikiwa ni sampuli tu ya kundi kubwa zaidi, aghalabu hugawanywa kwa 7, na jibu ni 2.14 hivi.

Amri ya NumPy iitwayo std hugawanya kwa 8 isipoagizwa vingine; mwenye sampuli hana budi kuongeza agizo ddof=1. Mashine haitoi onyo lolote. Mtafiti asiyesoma maelezo, au aliyekosa maelezo ya kusoma, atachapisha 2 mahali pa 2.14.

Jinsi maelezo yalivyoboreshwa

Mwaka 2007, Joe Harrington, mwalimu wa elimu ya nyota katika Chuo Kikuu cha Central Florida, Marekani, alifundisha uchambuzi wa data kwa kutumia NumPy. Wanafunzi walitaabika, kwani maelezo ya amri nyingi yalikuwa haba. Katika kiangazi cha mwaka 2008 ilianzishwa kazi ya pamoja ya kuyaandika.

Kwanza uliwekwa mpangilio mmoja: kila amri ielezwe inafanya nini, inahitaji kupewa nini, inarudisha nini, inahusiana na amri zipi, na mwishowe utolewe mfano. Pili, watu wa kujitolea waliandika, na wengine wakasoma na kusahihisha kabla ya maelezo kuingizwa katika maktaba. Tena, mifano iliandikwa kwa namna ambayo kompyuta yenyewe inaweza kuitenda na kulinganisha jibu lililopatikana na lile lililoandikwa. Amri ikibadilika na mfano ukabaki wa zamani, kosa hufichuka.

Nani anafaa kuandika?

Mjuzi wa siku nyingi amekwisha kusahau mahali alipojikwaa. Mwanafunzi wa jana bado anapakumbuka. Kwa hiyo kazi hii huwahitaji wote wawili: mwanafunzi aulize na kuandika, na mjuzi ahakikishe usahihi.

Mwalimu wa sekondari anaweza kulijaribu jambo hili hata pasipo kompyuta. Mwanafunzi mmoja aandike hatua za jaribio la maabara, na mwenzake ambaye hajaliona azifuate bila kuuliza. Pale atakapokwama, hapo ndipo maelezo yanapohitaji kurekebishwa.