NILIMKATAZA UGALI, SAA NANE USIKU NIKAMNYWESHA SUKARI!

Wiki hii sina stori ya mapenzi wala ya nani kaonekana na nani. Nina stori ya msosi, na kidogo tu ingekuwa stori ya msiba. Kaeni mkao wa kusikiliza.

Nyie wa mjini mnaijua hii kitu inaitwa keto. Ofisini ipo, saluni ipo, kwenye daladala ipo. Unakutana na dada alikuwa bonge, sasa kanyooka kama mwali, ukimuuliza siri anakwambia, "Wanga kwangu sumu, mwaya." Kwa asiyejua, keto ni kuachana na ugali, wali, chapati, chipsi, ndizi na soda, halafu unajishibisha kwa mayai, nyama, samaki, parachichi, mboga za majani na mafuta. Wanga wa siku nzima hautakiwi kuzidi gramu 50 hivi. Sahani moja ya ugali wa mtu mzima, ule wa kushiba, inavuka hapo peke yake. Hapa Bongo wengi waliusikia ulaji wa aina hii kwa Dakta Boaz Mkumbo na somo lake la Sayansi ya Mapishi.

Mimi sina kisukari. Mwenye nacho ni Mama mkubwa wangu, dada yake mama, mkulima wa mboga kule Lushoto. Anacho miaka tisa, aina ya pili, ile inayowapata sana watu wazima. Anakunywa vidonge aina mbili, metformini na glibenklamaidi, asubuhi na jioni. Julai iliyopita nikasema naenda kumsalimia, na nikifika nitamtibu. Ndio, mimi, mwenye Form Four ya kubahatisha!

WANALIMA KETO, WANAKULA UGALI

Nilipanda basi alfajiri nikiwa na karatasi ya fotokopi yenye orodha ya vyakula, mashine mpya ya kupimia sukari na boksi moja la stripu. Chalinze, Segera, Korogwe, mpaka Mombo. Pale Mombo ndio safari inaanza, maana mpaka Lushoto ni kilomita kama 33 za kona tupu, mlima upande huu, korongo upande ule. Sisi tunapanda, malori ya mboga yanashuka.

Nikayaangalia yale malori nikacheka mwenyewe. Kabichi, koliflawa, spinachi, hoho, maparachichi. Ile karatasi yangu yote ilikuwa inanipita barabarani ikielekea Dar! Na ukitaka jibini, pale shamba la Irente wanatengeneza. Lakini ingia jikoni kwa mkulima mwenyewe: ugali, viazi, maharage, chai ya sukari nyingi kwa ajili ya baridi. Koliflawa Mama mkubwa amelima miaka mingi, hajawahi kuipika hata siku moja.

"Hiyo ya wateja, mwanangu," aliniambia.

Na msidhani kisukari ni ugonjwa wa wenye magari tu. Mwaka 1989 watafiti walichapisha kwenye jarida la Lancet matokeo ya vijiji sita vya Tanzania: wenye kisukari hawakufika hata mtu mzima 1 kati ya 100. Mwaka 2012 utafiti wa kitaifa wa watu wa miaka 25 mpaka 64 ukakuta kama 9 kati ya 100. Kwa hiyo kwenye basi lililojaa watu wazima, piga hesabu mwenyewe.

NIKAJIONA DAKTARI

Siku ya kwanza nilifanya mapinduzi. Unga nikaufungia kabatini. Sukari yote, karibu kilo mbili, nikampelekea jirani. Mama mkubwa akasimama mlangoni ananiangalia tu.

"Mwanangu, mtu akishinda na jembe kutwa nzima, jioni ale majani kama mbuzi?"

"Mama mkubwa, niamini. Wiki mbili tu."

"Haya. Wewe ndiye msomi wa nyumba hii."

Asubuhi ile sukari yake kabla ya kula ilikuwa 13.6. Mtu ambaye hajala tangu usiku, ikifika 7 anahesabiwa ana kisukari. Nikaanza kazi. Mayai na parachichi asubuhi, mchana spinachi ya kukaanga na nyama, jioni koliflawa ambayo hatimaye tuliivua heshima ya wateja. Siku ya tatu asubuhi tukapima, 9.8. Siku ya tano, 6.4. Jamani! Nilimpigia mama Dar napiga kelele utadhani Yanga wamefunga. Mama mkubwa naye akaanza kunisifia kwa majirani.

Na kitu kimoja nilijipongeza nacho sana: nilikuwa nasimamia dawa. Kila asubuhi na jioni namkumbusha, "Mama mkubwa, dawa usiache, hata sukari ikishuka." Nilijua nimefanya la maana kuliko wale wanaotupa vidonge. Kumbe pale pale ndipo nilipochimba shimo.

USIKU WENYEWE

Usiku wa siku ile ya tano, saa nane, nikasikia sufuria limeanguka jikoni. Nikatoka nikijua ni paka. Namkuta Mama mkubwa amesimama gizani, mikono inatetemeka, ananiita jina la marehemu mumewe na kuniuliza kama nimefunga mbuzi. Nikamshika begani. Julai ya Lushoto mnaijua, usiku unalala na blanketi mbili na bado unakunja magoti. Lakini gauni lake lilikuwa limelowa jasho mgongo mzima, na jasho lenyewe la baridi.

Nikawaza malaria. Nikawaza, Mungu anisamehe, mashetani. Halafu nikaiona mashine mezani. Nikamtoboa kidole: 2.3.

Kijitabu cha mashine kilisema chini ya 4 ni hatari, mpe mgonjwa sukari haraka. Nikageuka kwenye rafu. Rafu tupu! Nyumba nzima hakuna hata chembe, nimeigawa mwenyewe kwa mikono yangu. Nikatoka pekupeku mpaka kwa jirani nagonga mlango kama mwizi anayerudisha mali.

"Sukari, mama, sukari!"

"Si hii mliyonipa juzi?"

Vijiko vitatu vya chai kwenye nusu glasi ya maji. Bahati alikuwa bado anaweza kumeza, akanywa. Dakika 15 nikapima, 3.1. Nikampa tena vilevile. Dakika 15 nyingine, 4.7, akaniita jina langu. Sijawahi kulipenda jina langu kama usiku ule. Jirani alikuwa ameshaleta viazi vya kuchemsha, Mama mkubwa akala viwili, mimi nimekaa chini nalia kama mtoto. Kisha mtoto wa jirani akawasha gari, tukaenda hospitali.

DAWA ILIPIMWA KWA SAHANI YA UGALI

Wakamlaza mpaka kesho yake jioni. Nikauliza kwa nini, mbona sukari imesharudi? Tabibu akanitazama, akaniuliza amekula nini wiki hii. Nikatoa karatasi yangu. Akaisoma yote, hakunicheka wala hakunifokea, na ndivyo vilivyoniumiza zaidi.

"Chakula hiki chenyewe kimefanya kazi," akasema. "Ila glibenklamaidi inalikamua kongosho litoe insulini, mtu awe amekula au hajala. Kipimo cha dawa yake kilipangwa kwa sahani ya ugali. Sahani umeibadilisha, kipimo hukukibadilisha."

Akaniambia tena kwamba dawa ile inakaa mwilini muda mrefu, kwa hiyo sukari inaweza kupanda ukashangilia, halafu ikashuka tena ukiwa umelala. Ndiyo sababu ya kumlaza. Metformini peke yake kwa kawaida haishushi namna ile. Lakini mwenye vidonge vya kundi la glibenklamaidi, au anayejichoma insulini, akipunguza wanga ghafla bila dozi kuangaliwa upya, anaweza kuzimia. Na mgonjwa akishazimia usimmiminie kitu mdomoni, atapaliwa. Mkimbize hospitali.

Nikauliza, basi keto ni uongo? Akasema hapana. Na kweli, mwaka 2019 Chama cha Kisukari cha Marekani kilitoa waraka unaosema kupunguza wanga ndiyo njia ya ulaji yenye ushahidi mwingi zaidi katika kushusha sukari ya wenye kisukari. Si uchawi na si uongo. Inashusha, na ndiyo maana dawa zinatakiwa zijue.

Kwa wenye aina ya kwanza, ile inayowapata sana watoto na vijana, ambayo mwili hautengenezi insulini, habari ni nyingine kabisa. Hao hakuna chakula cha kuwatoa kwenye sindano. Keto yenyewe si jambo la leo: mwaka 1921 Dakta Russell Wilder wa Mayo Clinic, Marekani, aliipendekeza kwa wagonjwa wa kifafa. Mwaka huohuo kule Toronto, Frederick Banting na Charles Best walifanikiwa kupata insulini, na Januari 1922 kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, akawa wa kwanza kuchomwa. Kabla ya hapo madaktari walikuwa wakiwapunguzia watoto chakula mpaka wanabaki mifupa, wakachelewesha kifo tu. Kwa hiyo wewe wa aina ya kwanza, mtu akikwambia acha sindano ule parachichi, kimbia. Bila insulini mwili unajaza asidi kwenye damu. Kiu kali, kutapika, kuhema haraka haraka, na ndani ya siku chache mtu amekwenda.

TULIVYOMALIZA

Mama mkubwa aliachishwa glibenklamaidi, akabakishiwa metformini, akaambiwa arudi kupima kila wiki mpaka wamwelewe. Keto kali aliikataa mwenyewe. "Mimi sitakufa na njaa ya ugali," alisema. Wakakubaliana nusu ya sahani mboga, robo nyama au maharage, na robo iliyobaki ugali, tonge lisilozidi ngumi yake. Chai bila sukari. Mara ya mwisho tulipoongea, asubuhi alikuwa 7.2, na ameniambia koliflawa sasa anabakiza mbili nyumbani kila akivuna. Na kwenye rafu kuna pakiti ya sukari ambayo mtu haruhusiwi kuigusa, imefungwa kwa kitambaa chekundu.

Sasa nyie vijana wenzangu mnaorudi nyumbani likizo na karatasi zenu za fotokopi kwa mama, kwa baba, kwa bibi. Sisemi msiende nazo. Ila kabla ya kuufungia unga, chukua vidonge vyake vyote mkononi, nenda naye kliniki, uliza swali moja: "Akiacha ugali, hizi zinapungua ngapi?" Mwenye figo mbovu au mjamzito naye aulize hapohapo kabla ya kuanza. Na usiku, kabla ya kuzima taa, hakikisha sukari ipo.

Mwezi ujao napanda tena Lushoto. Mama mkubwa kanitumia ujumbe: "Njoo mwanangu, ila karatasi iache Dar."

Tukutane wiki ijayo, tukijaaliwa.