Mikanda ya Kufungia Mizigo: Namna ya Kuchagua Uzi Ufaao

Msimu wa ununuzi wa mazao unapokaribia, makatibu wa vyama vya msingi hushughulika na mizani, magunia, stakabadhi na maturubai. Mikanda ya kufungia mizigo hukumbukwa mwisho, aghalabu siku ambayo lori limekwisha pakiwa. Hapo mtu hutumwa dukani mbio, naye hurudi na mkanda wa bei ndogo kuliko yote. Ununuzi wa namna hiyo hauokoi fedha ya chama. Mzigo ulio juu ya lori ni mali ya wanachama, na mara nyingi wengi wao hawajalipwa. Tena walio karibu na mzigo huo, yaani dereva, utingo na wapita njia, ni watu wenye jamaa wanaowategemea.

Jambo la kwanza la kuangalia katika mkanda ni uzi uliofumiwa. Mikanda miwili yaweza kulingana kwa upana, kwa unene na hata kwa rangi, kumbe mmoja wafaa kazi ya safari na mwingine haufai.

Nguvu inayosukuma mzigo

Wako wanaodhani kwamba mzigo mzito hutulia kwa uzito wake wenyewe. Sivyo. Dereva akifunga breki ghafla, lori husimama lakini mzigo hutaka kuendelea na safari. Kanuni za ufungaji mizigo zinazofuatwa Ulaya, zijulikanazo kama EN 12195, hutaka mzigo uweze kuzuiwa usiende mbele hata ukisukumwa kwa nguvu sawa na sehemu 8 katika 10 za uzito wake, na usiende pembeni wala nyuma hata ukisukumwa kwa nusu ya uzito huo. Magunia 100 ya kahawa yenye kilo 60 kila moja ni tani 6. Basi nguvu inayopasa kuzuiliwa upande wa mbele ni sawa na uzito wa tani 4.8.

Sehemu ya nguvu hiyo huzuiliwa na ukuta wa mbele wa bodi, na sehemu nyingine na msuguano wa magunia na sakafu. Mkanda uliopitishwa juu ya mzigo husaidia kwa kuukandamiza chini, ili msuguano huo uongezeke. Kwa hiyo mkanda unaolegea njiani umekwisha acha kazi yake, hata kama haujakatika.

Aina nne za uzi

Katani. Kamba ya mkonge ina historia ndefu nchini, kwani mmea wenyewe uliletwa na Dakta Richard Hindorf mwaka 1893, na Tanga ikawa kitovu cha kilimo chake. Katani haiponyoki mkononi, hushika fundo vizuri, wala haiyeyuki kwa joto. Udhaifu wake ni unyevu: ikikaa majimaji huoza kutoka ndani, na mtazamaji wa nje asitambue. Inafaa kufungia midomo ya magunia na kushikiza turubai. Isitegemewe peke yake kwa mzigo mzito wa safari ndefu.

Polipropilini. Uzi huu ulipatikana Italia mwaka 1954 katika maabara ya Giulio Natta. Ni mwepesi, haunywi maji, hauathiriwi sana na asidi wala alkali, na bei yake ni nafuu. Lakini jua huudhoofisha upesi usipotiwa dawa ya kuukinga, na huyeyuka kwenye nyuzi 165 hivi za sentigredi, kiasi kidogo kuliko nailoni na poliesta. Mkanda wa polipropilini ulioachwa juani msimu mzima huwa mkavu na kutoa unga ukisuguliwa. Mkanda wa hali hiyo usifunge mzigo tena.

Nailoni. Ilitangazwa Marekani mwaka 1938. Ina nguvu nyingi na hustahimili kusuguliwa, lakini hunyumbuka sana, na ikilowa hupungukiwa na nguvu kwa kiasi cha asilimia 10 hadi 15. Kunyumbuka huko husaidia mahali penye mishtuko, kama vile kuvuta gari lililokwama matopeni, maana mshtuko humezwa kidogo kidogo. Hata hivyo kamba iliyonyumbuka huweka nguvu ndani yake kama upinde, na ikikatika hurudi kwa kishindo. Watu wote wakae mbali nayo. Kwa kufungia magunia, kunyumbuka ni hasara, kwa sababu mzigo hupata nafasi ya kucheza.

Poliesta. Iligunduliwa Uingereza mwaka 1941 na J. R. Whinfield na J. T. Dickson. Hunyumbuka kidogo, hunywa maji kidogo mno, haipotezi nguvu ikilowa, na huvumilia jua kuliko nailoni na kuliko polipropilini isiyokingwa. Kwa sababu hizo, poliesta ndiyo inayofaa zaidi kwa mikanda ya lori la chama. Kanuni zilizotajwa hutaka mkanda wa kufungia mizigo usirefuke zaidi ya asilimia 7 unapovutwa kwa nguvu yote iliyoruhusiwa. Asilimia 7 ya mkanda wa mita 8 ni sentimita 56. Msomaji na afikirie mkanda unaorefuka kupita hapo utauacha mzigo wazi kiasi gani.

Kemikali nazo zikumbukwe. Asidi, kama ile ya betri, huila nailoni. Alkali kali, kama kostiki soda ya kutengenezea sabuni, huila poliesta. Chama kinachosafirisha vitu hivyo kitenge mikanda yake.

Kusoma kibandiko

Mkanda uliotengenezwa kwa kufuata kanuni hizo huwa na kibandiko kilichoshonewa. Kibandiko cha buluu ni cha poliesta, cha kijani ni cha nailoni, na cha kahawia ni cha polipropilini. Rangi inayohesabiwa ni ya kibandiko, si ya mkanda. Penye herufi LC huandikwa nguvu iliyoruhusiwa, kwa kipimo cha daN. daN moja ni karibu sawa na uzito wa kilo moja, hivyo LC 2500 daN ni kama tani mbili na nusu.

Nguvu hiyo ni nusu tu ya ile inayoweza kuukata mkanda ukiwa mpya. Mikanda ya kuinulia mizigo juu hupewa akiba kubwa zaidi: ile ya kufumwa huruhusiwa kubeba sehemu moja tu katika 7 ya nguvu ya kuikata. Kwa hiyo mkanda wa kufungia mzigo usitumike kamwe kuinulia mashine, wala pipa, wala mtu.

Mwuzaji akidai kwamba mkanda usio na kibandiko ni wa poliesta, katibu aombe kipande, akiloweshe na kukikamua ndani ya ndoo ya maji mpaka mapovu yaishe. Kikielea, ni polipropilini. Kikizama, bado chaweza kuwa nailoni. Kwa hiyo mkanda usio na kibandiko usinunuliwe kwa mizigo mizito.

Matumizi na utunzaji

Mkanda usifungwe fundo, kwa kuwa fundo laweza kuondoa hata nusu ya nguvu yake. Mahali unapopita kwenye ncha kali uwekewe kitambaa kinene au kona ya kuukinga. Usipite karibu na bomba la moshi. Baada ya kilomita chache za kwanza dereva asimame na kuukaza upya, kwa maana magunia hushuka na kujipanga njiani. Safari ikiisha, mkanda uoshwe kwa maji safi, uanikwe kivulini na kutundikwa ghalani.

Mkanda uliokatika ukingoni kupita sehemu moja ya kumi ya upana wake, ulioungua, au ulioachia mishono, uondolewe. Tena ukatwe vipande mbele ya mtunza ghala, ili mtu asiurudishe kazini kwa siri. Katika daftari la vifaa kila mkanda uwe na namba, tarehe ya kununuliwa, aina ya uzi na tarehe za kukaguliwa. Katibu aulete ukaguzi huo mbele ya kamati kabla ya msimu kufunguliwa, ili fedha ya mikanda mipya iingizwe katika makisio mapema.

Wahenga walisema: usipoziba ufa utajenga ukuta. Mkato mdogo wa mkanda ni ufa wa namna hiyo, na njia nzuri ya kuuziba ni kuutafuta lori likiwa bado tupu.