Kwa nini mkweche wa zamani haututoki moyoni?

Pita mitaa ya Chemchem hapa Tabora mjini, au mtaa wowote wenye miembe mikubwa na nyumba za siku nyingi, kisha chungulia uani. Haitachukua muda utakutana nalo: gari lililokufa. Mara nyingi ni Land Rover, mara nyingine Peugeot. Limekalishwa juu ya mawe, tairi hazipo, kuku wanatagia siti ya nyuma. Wanunuzi wa chuma chakavu wamepita mara tatu na kuondoka mikono mitupu. Vijana wa nyumba hiyo wanataka hela, au angalau wanataka nafasi ile wajenge vyumba viwili vya kupangisha. Mzee hataki hata kusikia.

Cha ajabu ni kwamba ukimuuliza mzee kuhusu gari hilo, hakwambii lilikuwa zuri. Anakwambia lilivuja oili kama ndoo iliyotoboka. Anakwambia mlango mmoja ulifungwa kwa kamba, breki ilibidi uipampu mara tatu ndipo ishike, na asubuhi ya baridi haliwaki mpaka lipigwe hendeli. Yote hayo anayasema akicheka, kama mtu anayesimulia vituko vya mdogo wake.

Sasa hapo ndipo penye swali letu la leo. Inakuwaje mtu apende mashine huku akizihesabu kasoro zake moja moja? Ni ubishi wa uzee tu, au kuna kitu kinafanyika kichwani ambacho sayansi inaweza kukieleza? Msidhani ni swali la utani. Katika nyumba nyingi huu ni ugomvi wa kweli, wa kiwanja na wa pesa, na mzee akishafariki unageuka ugomvi wa mirathi.

Kwanza tulitendee haki gari lenyewe

Land Rover ya kwanza ilioneshwa hadharani Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Uingereza ilikuwa imetoka vitani, chuma kikitolewa kwa mgao, ila alumini ilipatikana. Kwa hiyo watengenezaji wakaunda bodi kwa mchanganyiko wa alumini, wakaacha chuma kwa ajili ya chasi.

Uamuzi huo wa shida ndio unaoeleza kwa nini magari haya bado yapo nyuma ya nyumba zetu. Chuma kikikutana na maji na hewa hufanya kutu, na kutu humomonyoka, ikafunua chuma kipya, nacho kikaliwa. Alumini nayo hukutana na hewa, lakini hufunikwa na utando mwembamba mgumu unaoshikilia palepale na kuzuia hewa isiingie ndani zaidi. Hivyo bodi inabaki. Kinachooza ni chasi, pamoja na zile sehemu ambazo alumini na chuma vimegusana penye unyevu, kwa sababu hapo panatokea kitu kama betri ndogo na alumini ndiyo inayoliwa.

Peugeot nayo ina heshima yake. Modeli ya 404 ilishinda mbio za Safari za Afrika Mashariki mara nne: 1963, 1966, 1967 na 1968. Ushindi wa 1966 na 1967 uliletwa na Bert Shankland, aliyekuwa akiishi hapa hapa Tanzania, akiwa na mwenzake Chris Rothwell. Watoto wa enzi zile waliokuwa wakisubiri vumbi la Safari kando ya barabara leo ni wazee.

Kwa nini Tabora hasa?

Kuna jambo la mahali pia. Tabora ilikuwa njia panda ya misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji. Katika misitu ya miombo wapo mbung'o, na ndorobo wanayoieneza iliua punda na ng'ombe wa kubebea mizigo. Kwa hiyo karibu kila kitu kilipita juu ya bega la binadamu. Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa kama frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30, na Wanyamwezi walisifika kote kwa kazi hiyo. Reli ilifika Tabora mwaka 1912, lakini reli ina stesheni zake. Ukiishi mbali na stesheni, bado ni bega na miguu.

Ndiyo maana gari, hata bovu, lilipofika kijijini Sikonge au Urambo halikuwa anasa. Ndilo lililopeleka mjamzito hospitali, likaleta chumvi na kurudi na tumbaku na asali. Gari likiwa moja tu, kila mtu ana kumbukumbu nalo, hata asiye mwenye mali.

Pua inakumbuka kabla ya kichwa

Tuingie sasa kwenye ubongo. Fungua mlango wa gari la zamani na kitu cha kwanza kukupata ni harufu: petroli, oili iliyoungua, turubai lililopigwa jua, vumbi la siti. Wengi wanasema harufu hiyo "inawarudisha" nyuma ghafla, na wako sahihi.

Taarifa za macho na masikio hupitia kwanza kituo kimoja katikati ya ubongo kiitwacho talamasi, ndipo zisambazwe. Harufu ina njia ya mkato. Kutoka puani inafika karibu moja kwa moja kwenye amigdala, inayohusika na hisia, na jirani yake hipokampasi, inayohusika na kutengeneza kumbukumbu. Mwaka 2006 watafiti wa Uswidi, Johan Willander na Maria Larsson, waliwapa wazee vichocheo vya aina tatu: maneno, picha na harufu. Kumbukumbu zilizoletwa na maneno na picha zilikuwa zaidi za ujana. Zilizoletwa na harufu zilitoka zaidi katika miaka kumi ya kwanza ya maisha. Kwa hiyo mtu mzima akivuta harufu ya Land Rover anaweza kukutana na mtoto wa miaka saba aliyebanwa katikati ya magunia, na yule mtoto ni yeye.

Machungu yanachuja, utamu unabaki

Lakini lile gari si lilikuwa linawaacha porini usiku? Lilikuwa. Na hapa kuna ugunduzi mzuri sana. Watafiti wanaochunguza kumbukumbu za maisha, akiwemo W. Richard Walker na wenzake, wameonesha kwamba hisia mbaya zinazoambatana na tukio hufifia haraka kuliko hisia nzuri. Tukio lenyewe hulisahau. Unakumbuka kabisa kwamba gari lilizimika mtoni na mkalala hapo. Ila ile hofu na hasira vimepungua nguvu, wakati raha ya kuota moto pamoja na kucheka bado ina joto lake.

Kufifia huko si kwa kila mtu kwa kiwango kimoja. Kwa watu wenye dalili za sonona huwa hafifu zaidi. Na kunasaidiwa sana na kusimulia. Kila mara kisa kinaposimuliwa mbele ya watu wanaocheka, kinalainika. Mlango uliofungwa kwa kamba ulikuwa kero mwaka ule. Baada ya miaka arobaini ya kusimuliwa umekuwa kichekesho cha ukoo.

Jasho hugeuka mapenzi

Mwaka 2012 Michael Norton, Daniel Mochon na Dan Ariely walichapisha majaribio yaliyokuja kuwa maarufu. Waliwapa watu vitu rahisi waviunge wenyewe, kama maboksi ya kuhifadhia vitu. Waliounganisha kwa mikono yao walikuwa tayari kulipa zaidi kwa kitu hicho kuliko waliokikuta kimeshaungwa. Kwa maneno mengine, ukikitolea jasho kitu, kinapanda thamani machoni pako.

Ila kuna sharti ambalo watu wengi wakisimulia utafiti huu wanaliruka. Wale ambao hawakumaliza kazi, au walioona kazi yao ikibomolewa, hawakuonesha ongezeko hilo. Jasho peke yake halitoshi, lazima kazi ifike mwisho.

Lipeleke hilo kwa mzee wetu. Gari lililoharibika likashindikana kabisa hakuna anayelililia. Linalopendwa ni lile lililoharibika, likasukumwa, likachokonolewa, halafu likafika. Kila kasoro anayoitaja ina mwisho wake: oili ilivuja, wakaziba, wakafika. Breki ilikataa, fundi akaja na baiskeli, wakafika. Kwa hiyo anapohesabu ubovu wa gari, kwa kweli anahesabu mara walizoushinda.

Na hapa kwetu ushindi huo haukuwa mdogo. Mwishoni mwa miaka ya 1970 na miaka ya 1980, nchi ikitoka kwenye vita vya Kagera huku mafuta yakiwa ghali na fedha za kigeni hazipo, spea zilikuwa adimu kupindukia. Mafundi walichonga, walichomea, walihamisha kifaa cha gari hili kwenda lile. Mwanahistoria Joshua Grace, katika kitabu chake *African Motors* cha 2021, anaonesha kwamba gereji za Tanzania zilikuwa sehemu za ubunifu wa kweli, siyo vibanda vya kubahatisha. Lile gari la uani lina alama za mikono hiyo mwili mzima. Ukilichunguza vizuri ni kama daftari la fundi.

Umri wa ishirini na kikombe cha chuo

Kuna mambo mawili zaidi, kwa kifupi.

La kwanza ni umri. Waombe watu waliovuka miaka 40 wakutajie matukio ya maisha yao, na utaona kumbukumbu nyingi zinarundikana kati ya umri wa miaka 10 na 30. Ndio umri wa kazi ya kwanza, mchumba wa kwanza, safari ya kwanza mbali na nyumbani. Gari lililokuwepo wakati huo linaingia kwenye kila picha, hata kama lilikuwa mkweche. Ungeendesha gari zuri zaidi ukiwa na miaka 55, lisingekuwa na bahati hiyo.

La pili ni umiliki. Mwaka 1990 Daniel Kahneman, Jack Knetsch na Richard Thaler walichapisha jaribio ambamo nusu ya wanafunzi walipewa vikombe. Wenye vikombe walipoulizwa bei ya kuuzia, walitaja takribani mara mbili ya ile ambayo wasio navyo walikuwa tayari kutoa, au zaidi. Na hivyo ni vikombe vya dakika chache! Sasa fikiria gari la miaka arobaini. Mnunuzi wa chuma chakavu anapima kilo, mwenye gari anapima kitu kingine kabisa. Hawawezi kukubaliana, na wala hakuna mjinga kati yao.

Hamu ya zamani ni ugonjwa?

Zamani walidhani hivyo. Mwaka 1688 Johannes Hofer, mwanafunzi wa udaktari huko Basel, Uswisi, aliandika tasnifu akiieleza hamu ya nyumbani kama maradhi. Leo wanasaikolojia kama Constantine Sedikides na Tim Wildschut wa Chuo Kikuu cha Southampton wanaiona tofauti. Katika tafiti zao, watu huingiwa na hamu hiyo hasa wakiwa na huzuni au upweke, na ikishawaingia wanajihisi wako karibu zaidi na wenzao. Yaani ni kama blanketi, unajifunika pale baridi inapozidi.

Na kumbukumbu zenyewe kwa kawaida zimejaa watu. Msikilize mzee vizuri: anasema gari, lakini anamtaja utingo wake, marehemu mkewe aliyekaa mbele na mtoto mapajani, na rafiki aliyekuwa akipiga hendeli. Anayekataa kuuza gari pengine anakataa kuwaondoa abiria.

Basi tufanyeje?

Kuelewa mapenzi haya hakumaanishi kuyatii kwa kila kitu. Gari lisilo na mkanda, lenye breki za kubembeleza, halipaswi kupakia watoto barabarani eti kwa sababu lina historia. Fizikia haina hamu ya zamani. Na kiwanja cha familia ni cha familia nzima, pamoja na vijana wanaotaka kuanza maisha.

Lakini kuna njia ya kati iliyopimwa. Mwaka 2017 Karen Winterich, Rebecca Reczek na Julie Irwin walichapisha utafiti kuhusu vitu ambavyo watu hushindwa kuviachia. Kwenye mabweni ya chuo waliendesha kampeni za kuchangia vitu visivyotumika. Pale wanafunzi walipohimizwa kwanza kupiga picha za vitu vyao vya kumbukumbu, vilitolewa vitu vingi zaidi. Kilichokuwa kinawazuia si kitu chenyewe, bali hofu ya kupoteza kipande cha nafsi zao. Kumbukumbu ikishapata pa kukaa, mkono unalegea.

Kwa hiyo wewe kijana, kabla hujamwita mtu wa mizani, kaa na mzee nusu saa pembeni ya gari. Washa simu urekodi. Muulize fundi gani alichomea pale kwenye chasi, na nani alikuwa ndani siku walipokwama. Mpige picha akiwa ameshika usukani. Fungueni pamoja kitu kimoja kinachobebeka, kama hendeli au kifuniko cha rejeta, kibaki sebuleni. Baada ya hapo zungumzeni kuhusu kiwanja. Inawezekana bado atakataa, na ni haki yake akiwa hai. Lakini hata akikataa, siku ya mirathi mtakuwa mnajua mnagawana nini, na sauti yake itakuwepo kwenye simu ikiwaambia.