Eksirei, Altrasaundi na Neno "Picha": Uchunguzi wa Saratani ya Matiti

Makala haya yanafafanua kwa nini saratani ya matiti mara nyingine huhitaji kutafutwa kwa picha mbili, na jinsi neno "picha" lenyewe linavyoweza kumpoteza mgonjwa. Mama yangu mdogo, mkaazi wa Msambweni mwenye umri wa miaka 42, alihisi uvimbe, akapigwa eksirei, akaambiwa: "Picha haina kitu." Alirudi nyumbani akishukuru. Uvimbe haukuondoka.

Katika eksirei ya titi, yaani mamografia, titi hubanwa baina ya mabamba mawili. Mafuta hutokea meusi, tezi hutokea nyeupe, na uvimbe nao hutokea mweupe. Kwa mwanamke ambaye hajakoma hedhi, tezi aghalabu zimesongamana. Kuutafuta uvimbe humo ni sawa na kutafuta punje ya chumvi katika mchanga wa Diani. Altrasaundi, kwa upande wake, hutuma mawimbi ya sauti yasiyosikika, kisha huchora kutokana na mwangwi unaorudi. Maji matupu hayarudishi mwangwi, hivyo kifuko cha maji huonekana cheusi na kutofautika na donge gumu. Hata hivyo, chembechembe za chokaa, ambazo huweza kuwa dalili ya mapema ya saratani, eksirei huzinasa vyema zaidi.

Utafiti wa Japani uliochapishwa mwaka 2016 uliwahusisha takriban wanawake 73,000 wa umri wa miaka 40 hadi 49. Mamografia pekee iligundua saratani 77 katika kila 100. Pamoja na altrasaundi, 91. Aidha, wanawake wengi zaidi wasio na ugonjwa walitiwa shaka bure.

Sisi wanafunzi wa Kiswahili tumebishana sana kuhusu "saratani" na "kansa" (yote mawili asili yake ni kaa yule wa baharini), tukaliacha "picha" lifunike vipimo viwili visivyofanana. "Mwanangu, picha si ni picha?" aliniuliza mama mdogo. Kwa mtu wa Kwale, jibu la swali hilo huamua iwapo atavuka Likoni kufuata kipimo cha pili.

Alivuka baada ya miezi mitano. Altrasaundi ilionyesha donge gumu. Kipande kilichotolewa kwa sindano kikathibitisha saratani. Sasa anatibiwa.