Je, Wajua? Manati Hupandisha Kamba Mtini
Katika wilaya ya Karagwe na jirani yake Kyerwa, mkoani Kagera, hupandwa msizi (Maesopsis eminii), mti wa asili wa mkoa huo ambao shina lake huweza kunyooka bila tawi hadi theluthi mbili ya urefu wake, kiasi kwamba anayetaka kupogoa au kuchuma mbegu hukosa pa kushika. Ufumbuzi ni uzi mwongozo, yaani uzi mwembamba wa nailoni unaofungwa kwenye kifuko cha mchanga cha gramu 300 hadi 400, ukarushwa juu ya panda imara, kisha ukatumika kuvuta kamba nene ya kupandia. Mkono mtupu haufiki mbali. Manati kubwa iliyofungwa kwenye ncha ya fimbo ndefu, yenye mipira iliyokatwa kwenye tyubu kuukuu, hufika juu zaidi na kwa shabaha bora, mradi uzi uwe umelazwa ndani ya ndoo usijifunge fundo. Jiwe halifai kabisa, kwani hunasa matawini na likiponyoka huumiza. Mpira wa tyubu huchakaa kwa jua, hivyo ukaguliwe kabla ya kila mrusho, na asipande mtu kabla watu wawili hawajaning'inia kwenye kamba kuijaribu.