Kaburi Lisiloandikwa Halina Mtetezi

Tangu barabara ya Bagamoyo hadi Msata iwekwe lami, eneo la mananasi la Kiwangwa limesogea karibu na Dar es Salaam. Nanasi linafika sokoni mapema, na mnunuzi wa kiwanja naye anafika shambani mapema. Hilo si baya. Hatari ipo pale makaburi ya wazee au mti wa matambiko unapofutwa na tingatinga kwa sababu haukuonyeshwa kwenye ramani yoyote.

Wengi huamini kwamba kitu cha kale kinalindwa kwa kuwa ni cha kale. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 haisemi hivyo. Imeweka mpaka: jengo lililojengwa kabla ya mwaka 1863 linalindwa moja kwa moja. Magofu ya Kaole, yenye misikiti na makaburi ya karne nyingi, yamo ndani ya mpaka huo. Lakini Misheni ya Roho Mtakatifu ya Bagamoyo ilianza mwaka 1868, na Boma la Wajerumani lilijengwa mwaka 1897. Majengo kama hayo, hata yawe na historia nzito kiasi gani, yanahitaji kutangazwa rasmi na Serikali ndipo yapate ulinzi huo. Sasa fikiria makaburi ya ukoo katikati ya shamba la mananasi, yasiyo na tarehe wala maandishi. Nani atathibitisha umri wake siku mpima ardhi akija na bikoni?

Jibu ni wanakijiji wenyewe, nao wana nguvu kuliko wanavyodhani. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, halmashauri ya kijiji hairuhusiwi kugawa ardhi kabla mkutano mkuu wa kijiji haujaridhia. Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2007 nayo inakipa kijiji nafasi ya kupanga wapi palimwe, wapi pajengwe na wapi paachwe. Eneo la makaburi au la matambiko likiingia kwenye mpango huo, mnunuzi atalikuta limekwisha kutengwa, na familia inayouza haitaingia kwenye kesi ambayo ingeepukika.

Kazi yenyewe haihitaji fedha nyingi. Wazee na vijana wazunguke pamoja. Waandike jina la mahali, mipaka yake, njia ya kufikia, nani hupatunza na wazee gani wanaijua habari yake. Simu ya mkononi inatosha kupiga picha na kuonyesha pointi ya eneo. Siri za matambiko zibaki kwa wenyewe. Kinachotakiwa kuandikwa ni mpaka tu. Orodha hiyo isomwe mkutanoni, iingizwe kwenye muhtasari, kisha nakala zipelekwe kwa mtendaji wa kata na kwa maofisa wa malikale.

Wenzetu wa Lamu, nchini Kenya, wametuonyesha uzito wa kusikilizwa kabla ya ujenzi. Wakazi walipopinga namna bandari mpya ilivyokuwa ikijengwa karibu na mji wao, ambao uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2001, Mahakama Kuu ya Malindi iliamua mwaka 2018 kwamba haki zao, zikiwemo za utamaduni, zilivunjwa. Iliamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.76. Mwaka uliofuata, baraza la rufaa la mazingira lilifuta leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliokusudiwa kujengwa huko, likisema wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Wakazi hao walijipanga kwa miaka, wakakusanya ushahidi na kujenga hoja.

Kuna atakayesema kwamba orodha kama hii itafukuza wawekezaji. Mimi naona kinyume chake. Mwekezaji makini huogopa zaidi mgogoro unaozuka baada ya kumwaga zege kuliko mpaka anaoonyeshwa mapema. Kiwanja kinaweza kupimwa kikiacha makaburi na njia ya kuyafikia, na nyumba bado ikasimama.

Kwa hiyo, mkutano mkuu ujao wa kijiji ukiitishwa, kabla ya kujadili ugawaji wa ardhi, ombeni ajenda moja itangulie: maeneo yetu ya kale na mipaka yake. Sheria ipo, na mnao wazee wanaoyajua maeneo hayo. Yaandikeni wakiwa hai.